VITONGE VYA KEKI KWA SIKUKUU: MKEBE MMOJA, NYUMBA NNE

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Yamepigwa chapa humu kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari za vitonge vya keki. Twajua wako waliocheka waliposoma tangazo ubaoni, na mwenzetu mmoja alituuliza, "Je, chama cha wafanyakazi sasa kimekuwa jiko?" Swali lake si baya, nasi yatupasa kumjibu kwanza.

Mshahara thamani yake ni kile unachoweza kununua nao. Wazee wetu wa Mombasa walipogoma tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000, wakakaa bila kazi siku kumi na mbili, jambo kubwa lililowachoma lilikuwa ughali wa maisha: chakula, nguo na kodi ya nyumba. Wazee wale hawakutenganisha kazi na sufuria, wala sisi hatuna haki ya kuzitenganisha. Tena mnajua wenyewe mambo ya mwezi wa Desemba. Mtu apokea mshahara mapema, autumia mapema, na ikifika Januari karo ya watoto yabisha hodi na mfukoni hamna kitu. Ndipo atakapochukua mkopo wa simu, kisha mkopo wa pili wa kulipa ule wa kwanza.

Basi sikilizeni jinsi jambo hili lilivyoanza.

Mwaka juzi tulichanga fedha za karamu ya watoto. Tukaagiza keki kubwa tatu kutoka kisiwani, moja kwa kila upande wetu. Ya Changamwe ilipita Makupa, ya Kisauni ikapita daraja la Nyali, na ya Likoni ilikuwa ivuke kwa kivuko. Karibu fedha zote zikaishia hapo. Keki mbili zilifika salama. Ile ya tatu, gari liliporuka kidogo pale kwenye mteremko wa kuingilia kivukoni, ilianguka ubavu ndani ya sanduku lake. Ilipofika Likoni ilikuwa chenga tupu, na sukari ya juu imeyeyuka kwa joto. Watoto walikwisha keti mkekani wakingoja.

Tulikuwa karibu kuitupa. Mama mmoja, muuza kashata na kaimati, akasema, "Wanangu, msitupe riziki. Nipeni sinia, nazi na maji ya kunawa." Akachanganya zile chenga na maziwa mazito ya mkebe, akafinyanga vitonge kama ladu, akavigaragaza katika nazi iliyokaangwa. Kila mtoto alipata viwili, na walioomba cha tatu walikuwa wengi.

Siku hiyo hiyo, upande wa Changamwe, keki ilikuwa nzima, lakini jambo lililotokea lilituuma zaidi. Keki ilikatwa kwa orodha ya waliochanga. Vibarua waliosimamishwa kazi mwezi wa Novemba hawakuweza kuchanga, kwa hiyo watoto wao hawakuwamo katika orodha. Walisimama mlangoni wakatazama wenzao wakila. Hatumlaumu mtu mmoja kwa jambo hili, maana orodha ile sote tuliikubali. Lakini tulikata shauri lisitokee tena. Mwaka jana hatukuagiza keki kubwa hata moja. Tulinunua zile keki ndogo za pakiti zinazouzwa dukani, tukatengeneza vitonge sisi wenyewe, na hapakuwa na orodha mlangoni.

Msidhani kwamba hiki ni chakula cha dhiki peke yake. Waoka mikate wa Denmark kwa miaka mingi hukusanya mabaki ya keki, wakayachanganya na kakao na kuyafinyanga vitonge, na watu huvinunua kwa furaha. Brazil huko hawatii keki, bali hupika maziwa ya mkebe pamoja na kakao na siagi mpaka yashikane, wakafinyanga vitonge ambavyo ni sharti viwepo katika karamu ya watoto. Wafaransa huviita vyao vya chokoleti trafuli, kwa kuwa vyafanana na aina ya uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Na sisi wa pwani tumezijua ladu na kashata tangu utotoni. Mkono uliozoea kufinyanga ladu hauna haja ya kufundishwa sana.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Tanuri haihitajiwi. Moto ni wa kukaangia nazi tu, dakika chache.

VITU VINAVYOTAKIWA kwa vitonge 25: keki za pakiti zisizo na krimu, gramu 400, maziwa mazito ya mkebe yenye sukari, vijiko vitano vya mezani, yaani kadiri ya gramu 100, unga wa kakao, vijiko viwili, iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai, na nusu ya nazi iliyokunwa. Uzito wa keki msiukisie kwa macho. Umeandikwa kwenye pakiti, someni. Someni pia tarehe ya mwisho ya kutumiwa, na mtazame alama ya ubora ya KEBS. Keki iliyopunguzwa bei kwa sababu tarehe yake imepita si rahisi, ni ghali, kwa sababu mtakuja kuilipia hospitalini.

KWANZA, ikaange nazi bila mafuta juu ya moto mdogo. Koroga bila kuiacha mpaka ikauke na kugeuka rangi ya dhahabu, kisha iache ipoe kabisa. Nazi mbichi isitumiwe, kwa kuwa katika joto letu huchacha upesi na kuharibu kazi yote.

PILI, fikicha keki kwa vidole ndani ya bakuli mpaka ziwe chenga ndogo zisizo na mabonge. Tia kakao na iliki, changanya.

TATU, tia maziwa kijiko kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi walipokosea mwaka jana. Keki za pakiti hazifanani. Nyingine zina unyevu na mafuta mengi kuliko nyingine. Ukimimina maziwa yote kwa mara moja waweza kupata uji. Baada ya kila kijiko, kamata kidogo mkononi na ubane. Kikishikana bila kunata kiganjani, simama hapo hapo, hata kama maziwa yamebaki. Kikivunjika, ongeza. Yakizidi maziwa, ponda biskuti chache ndani yake.

NNE, funika bakuli na uliweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Asiye na friji aliweke ndani ya karai la maji baridi, maji yasiingie bakulini. Kisha chota kijiko kimoja kimoja, finyanga, garagaza katika nazi, na upange juu ya sinia.

Wako watakaouliza kwa nini hatuvichovyi katika chokoleti kama vile vya picha za magazeti. Sababu ni jua. Chokoleti huanza kulainika kabla ya kufika digrii 30, na ikifika 34 hivi huyeyuka. Nasi Desemba hapa Mombasa hupita digrii 30 mchana, na ndani ya matatu au juu ya kivuko hupita zaidi. Vile vya picha vilitengenezwa katika nchi za baridi. Nazi iliyokaangwa haiyeyuki, tena ni yetu.

Sasa sikilizeni neno kubwa kuliko yote kuhusu usafi. Chakula kinachopikwa, moto huua vijidudu vingi. Vitonge hivi havirudi motoni. Uchafu wowote ulio mkononi, kwenye mwiko au katika bakuli utaingia kinywani mwa mtoto kama ulivyo. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na unawe tena kila ukishika simu, fedha au pua ya mtoto. Wengi wetu upande wa Kisauni twanunua maji ya mitungi kwa mikokoteni. Maji ya kuoshea vyombo vya kazi hii yachemshwe. Mwenye kuharisha au mwenye kidonda mkononi apewe kazi nyingine, hata akiwa fundi wa kufinyanga. Vitonge viliwe siku hiyo hiyo. Mwenye friji aweza kuviweka mpaka kesho yake.

Wakipenda wengine kutumia njugu zilizopondwa mahali pa nazi, na wazichambue moja moja. Njugu yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika nchi yetu, zaidi huko Ukambani, nasi twapaswa kukumbuka. Tena wako watoto ambao njugu huwadhuru miili yao. Waulizeni wazazi wao kwanza, na sinia la njugu likae mbali na sinia la nazi. Watoto wadogo sana wakatiwe kitonge vipande vipande, wasije wakapaliwa.

Neno jingine ni pombe. Nchi za Ulaya hutia ramu katika vitonge vya namna hii. Sisi tusitie, wala harufu yake. Katika sinia moja hula Mkristo na Mwislamu, na vitonge vinavyofaa Krismasi na vifae Idi pia bila mtu kuuliza.

Sasa tuseme juu ya mkebe, kwa maana hapa ndipo ilipo siri ya hesabu. Mkebe wa maziwa una kadiri ya gramu 400. Vitonge 25 vyataka gramu 100 tu. Basi nyumba moja ikifungua mkebe, robo tatu hubaki, na kwa wasio na friji maziwa yaliyofunguliwa huingia sisimizi na kuharibika. Mtu huyo amelipia mkebe mzima kwa kazi ya robo. Lakini nyumba nne zikikaa pamoja, mkebe mmoja hutoa vitonge 100, nazi mbili zatosha kwa wote, na hakuna kinachotupwa. Kila nyumba yaleta keki zake gramu 400, na nyingine zote huchangwa.

Bei hatuziandiki, kwa sababu dukani hubadilika. Chukueni penseli muandike gharama zote, kisha mgawanye kwa idadi ya vitonge. Tuseme kwa mfano tu kwamba vitu vyote vya nyumba nne vimegharimu shilingi 1,200. Kitonge kimoja ni shilingi 12. Kisha uliza keki kubwa ya kuagiza ni kiasi gani, na gari la kuileta ni kiasi gani, na umegawanya kwa watoto wangapi. Mwaka jana tulipofanya hesabu hiyo mbele ya wote, hapakuwa na mabishano tena. Kilichosalia mfukoni mwa kila mmoja si kikubwa, lakini kilibaki kwake hadi Januari.

Mwaka huu twapendekeza hivi. Kila nyumba tatu za wanachama zitafute nyumba ya nne ambayo baba au mama yake amesimamishwa kazi. Nyumba hiyo isiombwe fedha. Ilete mikono yake, mbuzi ya kukunia nazi, au sinia tu. Watakaa pamoja, watafanya kazi pamoja, na watoto wao watapokea vitonge kutoka sinia ambalo mama yao mwenyewe alilitengeneza. Hiyo haitakuwa sadaka. Mtoto ajua sana tofauti ya kupewa kwa huruma na kula kilicho chake.

Lakini twaomba, ndugu, tusije tukafikiri kwamba vitonge vyamaliza jambo. Kibarua hahitaji vitonge badala ya haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia si chini ya mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mkataba, wala si wa siku tena. Wengi husimamishwa bila kulijua hilo. Kwa hiyo mkiketi kufikicha keki, zungumzeni. Muulizeni yule mwenzenu wa nyumba ya nne: ulianza kazi lini, ulifanya siku ngapi, ulipewa karatasi gani? Andikeni majibu yake muyalete kwa katibu wa tawi. Mikono ikiwa kazini ulimi huwa mwepesi, na mtu anayeona haya kuja ofisini atasema mengi mbele ya sinia.

Mwenzetu yule aliyeuliza kama chama kimekuwa jiko alikuwa zamu ya kukuna nazi mwaka jana. Mwaka huu ameandika jina lake wa kwanza.

Walio tayari waandike majina yao kwa wajumbe wa mitaa yao, Likoni, Kisauni na Changamwe, na wataje nyumba yao ya nne. Atakayekosa nyumba ya nne aje atuambie, kwa kuwa sisi tunazo nyingi kuliko tungependa.

Shime, ndugu zetu. Sikukuu njema kwa wote, na Januari isiyo na deni.

Wasalaam.