Tuwasikilize Vijana Wetu

Msichana avunjapo ungo na mvulana abalehepo, hasira na haya huja pamoja. Zamani, jandoni na unyagoni, alikuwapo kungwi wa kuulizwa. Leo kijana huwageukia wazazi; nao wakimjibu kwa kofi, huenda kuuliza njiani.

Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania inawaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya ujauzito kurudi shuleni. Lakini mlango wa shule utamfaa nini binti ambaye mlango wa kwao umefungwa, huku mvulana haulizwi neno?

Bikira Maria alimwuliza Yesu, mwenye miaka 12, sababu ya kubaki hekaluni, akapokea jibu asilolielewa, akaliweka moyoni. Nasi tuulize, tusikilize, ndipo tuonye.