Safari ya Sadaka: Mafuta Nani Analipa?

Nasikia mmepanga, marafiki wanne na gari moja, kutoka Mombasa hadi Cape Town mkichangisha pesa za visima. Mashallah. Lakini mafuta nani analipa? Mama muuza mahamri akitoa shilingi 100 kwa nia ya kisima, hiyo ni amana. Haiwezi kugeuka dizeli mkifika Tunduma, wala chai. Mafuta, viza, bima ya gari, lipeni wenyewe, kuiona Zambezi ni matembezi yenu (na picha mtapiga, nawajua!). Daftari la michango ashike aliyebaki nyumbani. Ramadhan ikiwakuta njiani, msafiri ana ruhusa ya kula, siku atazilipa baadaye. Ile 100 ya mama mtailipaje?