Saa ya Nairobi, Jua la London



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu, nianze na kisa. Ramadhani ya Juni 2016 binamu yangu alisafiri kwenda London kusoma. Alikula daku nyumbani, akatia nia, na saa tatu asubuhi ndege ikaruka kutoka Nairobi. Baada ya saa tisa hivi angani, akatua. Akiwa kwenye foleni ya pasipoti akatazama saa yake ya mkononi: kumi na mbili na dakika 35. Magharibi ya Nairobi hiyo! Akapiga bismillahi, akatoa tende alizofungiwa na mamake, akala tatu. Kutoka nje, jua hilo, liko juu! Kumbe London ilikuwa saa kumi unusu alasiri, na Magharibi ya siku ile ni saa tatu na dakika 20 usiku. Zilibaki karibu saa tano.

Msimcheke. Wangapi kati yetu tungejua?

Hebu tupige hesabu. Nairobi hadi London kwa ndege ni kama kilomita 6,800. Lakini kwa mfungaji shida si kilomita, ni jua. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na London iko magharibi ya Nairobi kwa nyuzi 37. Hapo tu jua linachelewa saa mbili unusu. Tena mwezi wa Juni, ukienda kaskazini mchana unarefuka: Nairobi ni saa 12 hivi, London ni zaidi ya 16 unusu. Ndiyo maana aliyekula daku Nairobi akangoja kufuturu London atafunga kama saa 18.

Je, dini yasemaje? Kwanza, mfungaji hufuata jua la pale alipo, si saa ya alikotoka. Hata ndani ya ndege, ukiliona jua dirishani bado hujafuturu, hata kama walio chini wameshaadhini. Aliyekula akidhani limekuchwa hana dhambi, ila wanavyuoni wengi wasema ailipe siku hiyo.

Pili, Mola wetu ametuhurumia. Suratul Baqara, aya ya 185, yamruhusu msafiri kula, alipe siku nyengine. Madrasa tulisoma marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kilomita 80 na kitu. Sasa linganisha na 6,800! Lakini angalia: katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyepambazukiwa na saumu mjini kwake kisha akasafiri, haifungui siku ile kwa sababu ya safari peke yake, isipokuwa imemlemea. Wako maimamu wengine walioruhusu. Basi ukishakata tiketi, muulize ustadhi wako mapema, usingoje uwe angani.

Kurudi ni kinyume. Ukija mashariki usiku unapungua, na alfajiri hukukuta kabla ya saa ya London kusema. Wahi daku yako.

Na Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo hesabu ya mwaka jana usiitegemee mwaka huu.

Binamu yangu aliilipa siku yake Desemba, huko huko London, jua likitua kabla ya saa kumi alasiri. Asema hajapata kufunga saumu fupi kama ile!

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, wa nyumbani na wa safarini. Wabillahi tawfiq.