Paka Asiyependa Kunywa Maji

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini redio inasikika vizuri, na walio nyuma wamesogea karibu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: paka, maji, figo. Hayo ndiyo maneno makubwa ya somo letu la leo.

Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, tumeacha jembe na jiko ili tufundishwe kumnywesha paka?" Ndugu yangu, ngoja kwanza. Mwenye ghala ya mahindi anajua thamani ya paka. Panya hutoboa gunia, hula nafaka, na ile inayosalia huichafua kwa mkojo na mavi. Paka hodari hulinda ghala usiku kucha, wala hadai mshahara. Basi mlinzi huyu akifa kwa jambo ambalo pengine lingezuiwa kwa kibakuli cha maji, hasara ni ya mwenye nyumba. Tena paka ni kiumbe aliye mikononi mwetu. Hawezi kusema, "Naumwa hapa." Ni juu yetu kumtazama na kufahamu.

Kwa nini paka hanywi sana?

Mbwa akirudi kutoka matembezini hukimbilia maji, akanywa kwa kelele mpaka akatosheka. Paka hupita kando ya bakuli kama hakuliona. Watu husema, "Paka huyu ana kiburi." Si kiburi, ni maumbile yake.

Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza urithi wa paka walieleza kwamba paka wa nyumbani, popote alipo duniani, ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu. Jamii ya paka-mwitu hao wako Afrika na Mashariki ya Kati hata leo. Katika nchi ya ukame mnyama hawezi kutegemea kisima. Maji yake huyapata ndani ya windo lake. Mwili wa panya, karibu theluthi mbili, ni maji. Kwa hiyo paka akila panya, amekula na kunywa pamoja.

Figo zake nazo zimeumbwa kwa kazi hiyo. Figo ni viungo viwili vilivyo ndani ya mwili, karibu na mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu pamoja na mkojo. Figo za paka zinajua kubana maji: hutoa mkojo kidogo na mzito. Ndiyo sababu kiu ya paka huchelewa kuja.

Maumbile hayo yalimfaa paka alipokuwa akiwinda kila siku. Lakini siku hizi wengi wetu tunampa chakula kikavu: dagaa wakavu, vichwa vya samaki waliokaushwa, au chakula cha dukani kilicho kama punje. Tumemwondolea maji yaliyokuwa ndani ya chakula chake, lakini kiu yake imebaki ile ile ndogo. Hapo ndipo penye shida.

Tufanye hesabu

Chukueni kalamu. Paka huhitaji kiasi cha mililita 50 za maji kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Paka mwenye kilo 3 huhitaji mililita 150, maana 3 mara 50 ni 150. Hiyo ni nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Maji hayo ni jumla ya yale yaliyo katika chakula na yale anayokunywa. Kijiko kidogo cha chai huchukua mililita 5.

Tuseme paka huyo amekula gramu 140 za samaki mbichi. Samaki mbichi, katika kila sehemu 4, karibu sehemu 3 ni maji. Kwa hiyo amepata mililita 105 hivi. Zimebaki mililita 45, yaani vijiko 9 vya chai.

Sasa tuseme amepewa dagaa wakavu gramu 40. Humo hakuna maji ila mililita 5 hivi. Zimebaki mililita 145, yaani vijiko 29.

Tazameni tofauti: vijiko 9, na vijiko 29. Tena paka hanywi kwa kumeza mafunda kama sisi. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walipiga picha za sinema za paka akinywa, wakazitazama polepole. Waliona kwamba hugusa maji kwa ncha ya ulimi tu, kisha huuvuta ulimi upesi, na maji hufuata kama uzi mwembamba. Huo uzi paka huukata kwa kufunga kinywa. Kila mara hupata sehemu ndogo sana, hata kijiko kimoja humchukua kulamba kama mara 35. Kwa vijiko 29, ingempasa kulamba zaidi ya mara 1,000 kwa siku. Paka wengi hawafanyi hivyo.

Hatari yake

Maji yakipungua, mkojo huwa mzito zaidi. Katika mkojo mzito huweza kufanyika chenga ndogo kama mchanga. Chenga hizo hukwaruza kibofu, nacho ni mfuko wa kuwekea mkojo. Paka dume ana njia nyembamba ya mkojo, na chenga zaweza kuiziba kabisa.

Sikilizeni sana hapa. Ukimwona paka dume anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia, wala mkojo hautoki ila tone moja moja au damu, usingoje kesho. Mkojo ukizibwa kabisa, paka huweza kufa katika siku moja au mbili. Wako watu wanaodhani amefunga choo tu, wakamwacha mpaka asubuhi. Mpeleke kwa bwana mifugo au daktari wa wanyama siku ile ile. Usimbonyeze tumbo, maana kibofu chaweza kupasuka. Wala usimpe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Parasetamoli humuua paka.

Njia za kumsaidia

Njia ya kwanza, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kurudisha maji ndani ya chakula. Kama unampa dagaa wakavu, wawe wa Kigoma au wa Mwanza, waoshe kwanza kuondoa mchanga na chumvi. Waroweke mpaka walainike, kisha wachemshe bila chumvi wala viungo. Wakipoa, mpe paka pamoja na maji yale waliyochemkia. Atayalamba kwa sababu yana harufu ya samaki. Anza kwa maji kidogo, ukaongeze siku hata siku mpaka chakula kiwe kama mchuzi. Chakula kikavu cha dukani nacho chaweza kutiwa maji ya vuguvugu. Lakini chakula kilicholowa kisikae kutwa juani, maana kitachacha. Angalia pia kwamba mchuzi wa watu haufai: una chumvi, na kitunguu huharibu damu ya paka.

Njia ya pili ni kutazama chombo. Paka wengi hupenda chombo kipana, maji yakijaa karibu na ukingo, ili wasiingize uso ndani. Kigae cha mtungi uliovunjika, kama hakina ncha kali, chafaa kabisa. Udongo huyafanya maji yawe baridi. Kopo la kina kirefu halifai, wala chombo chenye harufu ya sabuni au mafuta ya taa.

Njia ya tatu ni mahali. Usiweke maji ubavuni mwa chakula tu, wala karibu na mahali anapojisaidia. Weka vyombo viwili au vitatu: kimoja barazani, kimoja karibu na ghala, kimoja pale anapolala mchana. Mbwa na kuku wasifike, la sivyo utajaza bakuli ukidhani paka amekunywa, kumbe kuku ndio waliokunywa. Kama nyumbani kuna paka wawili wanaogombana, kila mmoja awe na chombo chake.

Njia ya nne ni usafi. Mwaga maji kila asubuhi, sugua chombo, ukajaze mapya. Hilo ni jema kwa watu pia, maana maji yaliyotuama siku nyingi huzaa mbu.

Njia ya tano: chunguza anachopenda. Kuna paka anayeacha bakuli akaenda kulamba tone la bomba, na mwingine hunywa katika ndoo tu. Huyo amekwisha kukwambia tabia yake. Kama anapenda maji yanayotembea, mmiminie mbele ya macho yake. Kama anapenda ndoo, mwekee chombo kipana mahali pale ndoo inapokaa, na ndoo yenu ifunikeni.

Mambo ya kuepuka

Usimshike paka kwa nguvu ukammiminia maji kinywani. Yakienda kifuani, yatamletea ugonjwa mwingine. Tena atakuogopa, na chombo chenyewe atakiogopa. Wala usidhani maziwa ni badala ya maji. Paka wengi waliokomaa hawawezi kuyeyusha sukari iliyo katika maziwa. Huharisha, na kuharisha humpunguzia maji mwilini.

Liko na jambo la upande wa pili. Paka ambaye hakuwa na desturi ya kunywa sana, akaanza ghafula kunywa mno na kukojoa mno, si wa kushangiliwa. Yawezekana figo zake zimechoka, hasa akiwa mzee, au ana ugonjwa wa kisukari. Huyo naye aonwe na daktari. Usimnyime maji.

Kazi ya kalamu yako

Utajuaje kama paka wako anakunywa? Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa. Asubuhi pima vijiko 30 vya maji, utie chomboni. Kesho yake pima yaliyobaki. Andika katika daftari namna hii: "Jumatatu, nimetia 30, yamebaki 24." Ili ujue jua limechukua kiasi gani, weka chombo cha pili cha namna ile ile, na maji kiasi kile kile, mahali pale pale, lakini kifunike kwa tenga ili paka asikifikie. Fanya hivyo kwa juma moja. Kisha badili jambo moja tu, labda mahali pa chombo, ukaandike juma jingine. Mwisho wa majuma mawili daftari litakwambia lililo kweli. Hutahitaji kubahatisha, wala kubishana na jirani. Na siku utakapokwenda kwa daktari wa wanyama, daftari lile litamfaa kuliko maneno mengi.

Basi, wazee wangu na ndugu zangu, hili ndilo neno la leo: paka halazimishwi kunywa. Mtilie maji katika chakula, mwekee maji safi mahali anapopenda, na utazame mkojo wake. Hilo la mwisho halipendezi kutajwa, lakini limeokoa paka wengi.

Mwalimu ataendelea nanyi kwa maswali. Kwa herini mpaka juma lijalo.

Maneno ya kujifunza

Figo: viungo viwili vya ndani vinavyochuja damu.
Kibofu: mfuko wa mkojo ndani ya mwili.
Kuroweka: kutia kitu kikavu majini mpaka kilainike.
Kutuama: kukaa mahali pamoja bila kutembea, kama maji ya dimbwi.

Maswali

1. Kwa nini paka-mwitu wa nchi kavu hakuhitaji kunywa maji mengi?
2. Paka ana kilo 4. Huhitaji mililita ngapi za maji kwa siku? Ni vijiko vingapi vya chai?
3. Taja dalili tatu za paka dume aliyezibwa mkojo. Utafanya nini ukiziona?
4. Eleza jinsi ya kutayarisha dagaa wakavu kwa chakula cha paka.
5. Kwa nini ni vizuri kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja unapochunguza?