Mzazi, Tenga Siku Mbili za Kujenga Misuli

Leo tunazungumza nawe mzazi unayeamka alfajiri kuandaa watoto na kurudi jioni umechoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku 2 tu!

Chagua, tuseme, Jumanne na Jumamosi. Dakika 20 zinatosha kuanzia. Chuchumaa na kuinuka mara 10. Piga pushapu 10; zikikushinda sakafuni, egemea ukuta. Kisha inama, mgongo ukiwa umenyooka, uvute dumu la maji kuelekea tumboni mara 10 kila mkono. Dumu la lita 5 lina kilo 5 hivi. Pumzika kidogo, rudia yote mara 3. Mwili ukizoea, ongeza uzito au idadi, maana misuli huimarika inapopewa kazi zaidi ya iliyoizoea.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye shinikizo la damu amwone kwanza mhudumu wa afya. Ukisikia maumivu ya kifua, acha mara moja.

Mzazi mwenzangu, wanao wanazihitaji nguvu zako. Anza wiki hii.