Namna ya Kupiga Picha za Karibu za Wadudu wa Mahindi
(Maelezo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kamera. Karibu kila kamati iliyopo hapa ina kamera ndogo ya dijitali, au walau simu yenye kamera, na picha za mikutano, za uzinduzi wa visima na za mapokezi ya wageni mnazipiga vizuri. Taabu huanza kitu kinapokuwa kidogo. Mkulima ameleta kiwavi ndani ya kopo, mjumbe anampiga picha, picha inatumwa kwa afisa kilimo wilayani, na afisa anajibu kwamba anaona kitu cha kahawia chenye ukungu juu ya kitu cha kijani. Mpaka picha nyingine ipigwe na itumwe, kiwavi anaendelea kula.

Na huyu kiwavi hasubiri. Viwavijeshi vamizi walitoka Amerika, wakathibitishwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wameshafika Kenya, Tanzania na Uganda. Kwenye joto, kiwavi hukaa shambani kama wiki mbili au tatu, kisha huingia udongoni kugeuka. Akiwa mdogo anakula juu ya majani, na dawa inampata. Akikua anajificha ndani ya moyo wa muhindi, juu yake pamejaa kinyesi kama vumbi la mbao, na dawa inapita pembeni. Kwa hiyo wiki moja ikipotea kwa sababu ya picha mbaya, ndiyo ile wiki ambayo mkulima angeweza kuokoa shamba lake.

Afisa anatafuta nini kwenye picha? Anatafuta alama mbili. Usoni pana mstari mweupe wa umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Mgongoni, karibu na mkia, pana madoa manne meusi yaliyokaa pembe nne kama ya mraba. Y peke yake haitoshi, kwa sababu hata kiwavijeshi wetu wa zamani, yule anayekuja kwa makundi, anaweza kuwa na alama inayofanana nayo. Ni yale madoa manne yanayomaliza ubishi. Funza wa mabua naye ni mwingine kabisa, na tiba yake ina wakati wake. Basi picha inayoonyesha kichwa vizuri na mkia kwa ukungu imefanya nusu ya kazi tu.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Tafuteni kitufe chenye picha ya ua dogo. Hiyo ndiyo hali ya makro, yaani hali ya kupiga kwa karibu. Bila hilo ua, kamera nyingi ndogo hazishiki vizuri kitu kilicho karibu kuliko takriban nusu mita. Ukiwasha ua, unaweza kusogea mpaka sentimita chache, ingawa kila kamera ina kikomo chake, na kimeandikwa kwenye kijitabu kilichokuja nayo. (Vijitabu hivyo tunajua viliko: chini ya kabati la ofisi, ndani ya boksi, havijafunguliwa.) Ukipita kikomo hicho, ukungu unarudi palepale.

Jambo la pili, msivute. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kuvuta ili mdudu awe mkubwa kwenye kioo. Katika kamera nyingi ndogo, ukivuta, kikomo cha ukaribu kinaongezeka, na kamera haishiki tena. Acheni lenzi ilivyo bila kuvuta, kisha sogezeni mkono.

Tatu, kitufe cha kupigia kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, ngoja kisanduku kiwe cha kijani au kamera ilie, ndipo umalizie. Kati ya hatua hizo mbili usisogee mbele wala nyuma hata kidogo. Kwa umbali huo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno, milimita chache tu. Pumzi yako yenyewe inatosha kuipoteza. Kisanduku cha kijani kikikaa kwenye jani la nyuma badala ya mdudu, wekeni karatasi nyeupe nyuma yake, ili kamera isiwe na kitu kingine cha kushika.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye kichwa na mkia. Kwa kuwa sehemu hiyo ni nyembamba, kiwavi akilala mshazari mbele ya lenzi, kichwa kitaonekana na mkia utapotea. Mwekeni kwenye sahani nyeupe, mpigeni kutoka juu, kamera ikiwa imelala sambamba na mwili wake. Ikishindikana, pigeni picha mbili, moja ya uso na moja ya mkia. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, viwavi huwa wazito kutembea, na upepo nao haujaanza kutikisa majani.

Flashi izimeni. Kwa karibu hivyo, ama itamfanya mdudu awe mweupe tupu, ama lenzi itatia kivuli nusu ya picha. Jua kali la saa saba nalo si zuri. Kaeni kwenye kivuli cha mti au kibarazani, na mtu mwingine ashike karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga. Mikono ikitetemeka, legezeni kamera juu ya mfuko mdogo wa maharage, kisha tumieni kile kipima muda cha sekunde mbili, ili kidole chenu kisiitikise kamera inapopiga.

Ghalani kazi ni ngumu zaidi, maana dumuzi ana urefu wa milimita tatu au nne tu. Huyu naye ni mgeni; aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wengi hapa wanamfahamu kwa jina la skania. Fukusi ana mdomo mrefu mbele kama mkonga. Dumuzi ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimeinamia chini ya kifua, na nyuma amekatika kama gogo lililopigwa msumeno. Tofauti hii ina gharama. Dawa inayomweza fukusi yaweza kumwacha dumuzi, na ndiyo sababu dawa nyingi za unga za kuhifadhia nafaka huchanganya viambato viwili. Kamati yenye ghala la parokia ikinunua dawa isiyomfaa mdudu wake, fedha za wahisani zimekwenda na mahindi nayo yamekwenda. Mpigeni dumuzi mara mbili, juu na ubavuni, akiwa amekufa juu ya kizibo cheupe, na kando yake pawe na rula ya shule ili urefu wake usomeke.

Wenye simu wana ushauri tofauti kidogo. Simu kadhaa zina kamera ya pili iitwayo ya makro, na mara nyingi ni dhaifu kuliko ile kubwa. Kwa maoni yetu ni afadhali kupiga kwa kamera kubwa kutoka mbali kidogo, halafu kukata kingo za picha. Futeni lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfukoni na unga wa ugoro haitapiga picha safi hata ikiwa mpya.

Wahisani mtaona kwamba ua hilohilo linawafaa na ninyi. Namba iliyochongwa kwenye kibao cha pampu, ufa kwenye tangi, stakabadhi iliyofifia, vyote vinapigwa kwa namna hiyohiyo.

Kabla ya kutuma, kuzeni picha kwenye kioo mpaka mwone yale madoa manne. Msipoyaona ninyi, afisa hatayaona. Pigeni kumi, mchague tatu: mmea mzima, jani lililoliwa, na mdudu mwenyewe. Mkitumia WhatsApp, zitumeni kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa njiani. Andikeni pamoja nazo kijiji, tarehe na umri wa mahindi, na namba ya simu ya mkulima, ili afisa akishajibu ampigie moja kwa moja bila kupitia kwetu.