Fedha Zitumwazo Nyumbani: Zalisha au Zapanda?



Desturi ya watu wa Bungoma kwenda mbali kutafuta mshahara si mpya. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalihitaji mikono mingi, na kodi ya serikali ya kikoloni iliwasukuma wengi kwenda huko. Sehemu ya mshahara ilirudi nyumbani kulipa kodi, kununua ng'ombe na kusomesha watoto. Siku hizi wajukuu wao wako Nairobi, nchi za Ghuba na Marekani. Tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa simu, kwa njia ya M-Pesa. Na mwaka 2023 Wakenya walio ng'ambo walituma nchini zaidi ya dola bilioni 4.

Je, fedha hizo huikuza nchi? Hilo lategemea kazi zifanyayo zikifika. Zikinunua kuku na mboga katika soko la Chwele, mkulima hupata, naye humlipa fundi, na fundi hulipa karo. Zikinunua bidhaa ya ng'ambo, nyingi hurudi zilikotoka.

Tena yapo majira. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, mvua zianzapo. Mama aliyebaki na shamba, akipata fedha mwezi wa Machi, hununua mbolea na mbegu bora, kama zile za Kampuni ya Kenya Seed iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, tena huweka vibarua wa palizi badala ya mikono iliyoondoka. Fedha zizo hizo zikifika Juni, ghala likiwa tupu, hununua unga tu, na kwa bei ya juu. Si kosa kulisha wazee na watoto. Lakini mwaka ujao yule aliye mbali ataombwa tena. Hivyo mtu aweza kutumika miaka ishirini, akarudi kwenye boma lisilo na kitu.

Basi yafaa mtumaji na mpokeaji wapatane mapema: hizi za chakula, hizi za karo, hizi za shamba, na hesabu iandikwe. Naye mama ashikaye jembe asikizwe kwanza, kwani ndiye aijuaye mvua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.